Asilimia 87 na asilimia 32 katika tope moja

Miche ile ile, ufuo ule ule wa Mikindani, mwezi ule ule. Kikundi cha wapandaji kikaandika kwamba asilimia 87 ya mikoko yao imeshika. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja na kamba zake na karatasi za kupigia mistari akaandika asilimia 32. Katibu wa kikundi aliniletea ripoti zote mbili kwenye bahasha moja, akaketi, akakataa chai, akauliza: "Nani mwongo hapa?"

Kikundi nakiacha bila jina, na tarakimu za kisa nimezilainisha ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na kipande cha karatasi. Sura ya ugomvi wenyewe anaijua kila aliyewahi kuhesabu miti akiwa na mfadhili nyuma yake.

Kwanza mahali penyewe. Mikindani iko bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na inatazama hori la Tudor. Mikoko ya hori hili imepigwa kutoka kila upande: kuni, nguzo za kujengea, maji taka ya mitaa yanayoshuka mifereji hadi kwenye mizizi, na tope lililoletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha picha za miaka ya 1992 na 2009, ukakuta zaidi ya asilimia 80 ya msitu wa Tudor imetoweka. Kwa hiyo mtu akipanda mche hapa hapambi ufuo. Anajaribu kurudisha kitu ambacho watoto wa leo wamekisikia kwa babu zao tu.

Kikundi kilipanda miche 3,000, yote ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui. Sababu haikuwa ya kisayansi. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, huokotwa bure maji yakipwa, na ukiichomeka topeni imesimama. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, una mbegu ndogondogo ndani ya tunda, unataka kitalu, unataka subira. Ndiyo maana ukizunguka pwani yetu unaona mkoko umepandwa hata pale ambapo mkoko wenyewe, ungeulizwa, ungekataa.

Walipanda kwa mistari, mita moja kati ya mche na mche, katika mikanda mitatu. Mkanda wa chini, ulio karibu na maji, ulipata miche 1,200. Wa kati ulipata 1,000. Wa juu, unaopakana na nyumba, ulipata 800. Haya yote yaliandikwa kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa mweka hazina. Likumbuke daftari hilo.

Baada ya mwaka mfadhili akaleta fomu. Ilikuwa na mstari mmoja wa maana: kiwango cha kushika, kisha nafasi tupu, kisha alama ya asilimia.

Watu kumi na wawili wakajitolea kuhesabu. Waliambiwa "hesabuni", basi. Maji yalipopwa wakashuka kwa njia ya wavuvi, kwa sababu pembeni mwa njia ile tope hufika magotini, na kwingine hufika kiunoni. Wakahesabu kushoto na kulia kwa njia, kupitia mkanda wa juu hadi wa kati. Walipokaribia wa chini maji yalikuwa yameshaanza kurudi, wakapanda. Waliona miche 448. Hai 392, iliyokauka ikiwa imesimama 56. Ukigawanya 392 kwa 448 unapata asilimia 87 na nusu. Kikokotoo hakikukosea.

Kosa la kwanza liko kwenye ile 448. Mche uliokufa haukungoji. Kaa huukata ukingali mbegu, wimbi huung'oa, na mwezi wa pili tope limeziba shimo kana kwamba hapajapandwa kitu. Aliyekuja kuhesabu baada ya mwaka anaona walio hai na maiti wachache waliobaki wima. Walioondoka kabisa hawana wa kuwasemea. Hapo ndipo daftari la mama mweka hazina lilipotuokoa. Tuliposoma mistari waliyoipitia wahesabuji, tukakuta ilipandwa miche 560. Yaani 112 haikuonekana hai wala mfu. Ukigawanya 392 kwa 560 unapata asilimia 70. Pointi kumi na saba na nusu zimeyeyuka, na hakuna aliyedanganya hata mche mmoja.

Kuna mfano wa karibu ninaoupenda. Mwaka 1971 pale Bamburi, René Haller alianza kujaribu kuotesha miti kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa peupe kama sahani. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa 3, mvinje ukiwa mmoja wao, na kutoka kwa mvinje huo ukapatikana msitu ambao leo watu hulipa kiingilio kuutembelea. Kila mtu husimulia zile 3. Mimi husimamia ile 26. Kama asingeorodhesha zilizokufa, tungebaki na hadithi kwamba machimboni kila kinachopandwa humea.

Nirudi Mikindani. Kosa la pili ni la miguu. Watu huhesabu pale miguu inapofika, na miguu ilifika penye tope gumu. Nilimsikia afisa mmoja akisema hii ndiyo shida ya kuwaachia wananchi sayansi. Nilinyamaza siku ile, kwa heshima ya mkutano, ila nitalijibu hapa, kwa sababu tulikuwa na mtaalamu katika kisa hiki, na yeye pia alipotoka.

Mwanafunzi alifanya kazi kwa uangalifu. Alichukua kamba, akapima miraba 10 ya mita 5 kwa 5. Kwa kuwa miche imeachana mita moja, kila mraba ulibeba miche 25, na alihesabu waliopotea kuwa wamekufa, kama inavyotakiwa. Jumla miche 250, hai 80, asilimia 32. Akaongeza kipimo cha shaka, yaani mipaka ambayo jibu la kweli yaelekea limo kati yake, kwa kanuni aliyofundishwa: kati ya 26 na 38. Ripoti yake ilikuwa safi, ina kichwa na mkia.

Ila miraba yote 10 ilikuwa kwenye mkanda wa chini. Mradi wake ulihusu mawimbi na vile vigamba vya chokaa vinavyojishika kwenye mashina machanga, vile vile vinavyojishika kwenye matumbo ya mashua, kwa hiyo alikwenda viliko. Asilimia 32 lilikuwa jibu sahihi la swali la kwake. Aliyelichukua na kulipeleka kwa mfadhili kama jibu la ufuo mzima ni mtu mwingine kabisa, na huyo hakukanyaga tope.

Na hata ndani ya mkanda wa chini, ule uhakika wa 26 hadi 38 ulikuwa umebana mno. Tazama hesabu za miraba yake, hai kati ya 25: 0, 0, 2, 3, 5, 6, 11, 16, 18, 19. Hii si miche 250 iliyopiga kura kila mmoja peke yake. Miche 25 ya mraba mmoja inakunywa maji mamoja, inapigwa na wimbi moja. Ikifa, inakufa pamoja. Ukiingia nyumba moja ya Mikindani ukawauliza watu 25 waliokaa kwenye karamu wanakula nini, wote watakwambia pilau. Umeuliza watu 25 lakini umeonja chungu kimoja.

Kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na vyungu 10, hakuwa na 250. Ukifanya hesabu upya kwa kuuchukua mraba kama kitu kimoja, wastani unabaki 8 kati ya 25, yaani asilimia 32 ile ile, lakini shaka inapanuka: kutoka takribani 11 hadi 53. Kutoka pointi sita kila upande hadi pointi ishirini na moja. Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alipitia tafiti 176 za ikolojia zilizofanywa kwa majaribio. Kati ya zile zilizotumia takwimu kutoa hitimisho, asilimia 48 zilikuwa zimehesabu vitu vilivyofungamana kana kwamba ni vitu huru. Hao walikuwa wataalamu, wenye digrii, wanaochapisha. Afisa wangu wa mkutanoni angeona haya.

Basi tukaketi: katibu, mama wa daftari, mwanafunzi, mimi, na mzee mmoja mvuvi ambaye hakualikwa ila tulikuwa tumeketi chini ya mwembe wake. Niliwaza tuchague miraba kwa kura ufuo mzima, tumalize. Mzee akasikiliza, kisha akamwambia mwanafunzi: "Mwanangu, pale chini si pa mkoko. Pale ni pa mlilana." Akachora mchangani kwa kijiti. Chini kabisa mlilana, unaoweza kustahimili kuzama kila siku. Nyuma yake mkoko. Kisha muia na mkandaa. Mchu huonekana kote, chini na juu, hauna adabu ya kukaa foleni. Juu kabisa, panapofikiwa na maji ya bamvua tu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni kikandaa.

Hicho kijiti kilichora kile ambacho vitabu vya ikolojia hukiita mgawanyo wa mikanda, na sababu yake ni idadi ya saa ambazo mzizi unakaa bila hewa. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo hatua chache za mteremko zinatosha kubadilisha maisha ya mche. Wakati wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, mkanda wa juu unaweza kukaa siku kadhaa bila kuloweka. Kwa mtu wa takwimu, mchoro wa mzee ulikuwa na maana moja ya haraka: usipige kura juu ya ufuo mzima kama sufuria moja. Gawanya kwanza kwa mikanda, kisha piga kura ndani ya kila mkanda, la sivyo bahati inaweza kukutupia karibu miraba yote mahali pamoja.

Watu wa pwani wamekuwa wakiainisha mikoko kabla ya chuo chochote kujengwa hapa. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa: hiyo ni ngazi ya unene, kutoka mwembamba hadi mnene, na mchukuzi wa miti huitambua kwa kiganja. Inaniudhi tunapowaita watu hawa "washiriki" halafu tunawapa kamba washike tu.

Kazi ilikwenda hivi. Tuligawanya mikanda katika miraba ya miche 25, kwa kufuata daftari: 48 chini, 40 kati, 32 juu, jumla 120. Mama akakata vikaratasi, akaviandika nambari, akavitia kwenye kofia ya mzee, mkanda baada ya mkanda. Tukatoa robo ya kila mkanda: 12, 10 na 8. Miraba 30, miche 750. Kikaratasi kikikuangukia penye tope la kiunoni, unakwenda. Hapo ndipo palipokuwa na manung'uniko, na kijana mmoja akaomba abadilishiwe nambari kwa sababu alikuwa na viatu vipya. Hakubadilishiwa.

Tulipatana pia mche hai ni upi, jambo ambalo hesabu zote mbili za mwanzo zililipita kimya. Ukiwa na jani la kijani, hai. Usipokuwa na jani, kwaruza ganda kwa ukucha karibu na ncha: kijani ndani, hai, kahawia, umekufa. Usipouona kabisa, umekufa, maana daftari linasema ulikuwepo. Kila mraba ulihesabiwa na watu wawili, mmoja wa kikundi na mmoja wa nje, bila kuambizana mpaka wote wameandika. Katika miraba 24 walilingana barabara. Katika mitano walitofautiana kwa mche mmoja au miwili. Mmoja tu, wa mkanda wa chini, uliwapa tofauti ya miche minne, kwa sababu majani yalikuwa yamefunikwa tope na mmoja wao hakuyapangusa. Aliyepangusa alikuwa wa kikundi.

Ilituchukua bamvua mbili, kwa sababu maji yakipwa sana unapata saa chache tu za kazi kabla bahari haijadai pahala pake.

Matokeo: chini, hai 96 kati ya 300, asilimia 32. Kati, 200 kati ya 250, asilimia 80. Juu, 124 kati ya 200, asilimia 62. Jumla 420 kati ya 750, asilimia 56, na shaka yake, kwa kuhesabu miraba badala ya miche, ni kati ya 49 na 63.

Mwanafunzi alipoona 32 imerudi kwenye mkanda wake alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Na kikundi nacho hakikuwa na la kuonea aibu: ile 70 yao iliyosahihishwa inakaa vizuri kati ya 80 na 62, kwa sababu waliyoipita ni mikanda hiyo miwili. Ukipanga safari ya nambari kutoka 87 na nusu hadi 56, pointi 17 na nusu ni za wafu wasioonekana, na 14 ni za mahali pasipofikiwa. Uhodari wa macho ya wahesabuji haumo kwenye hesabu hiyo. Macho yao yalikuwa sawa na ya mwanafunzi. Walichonyimwa ni maagizo, na wa kuyatoa tulikuwa sisi tunaojiita wajuzi.

Katibu hakufurahi mara moja. "Tukiandika 56, tutaonekana tumezembea. Kikundi cha pili huko ng'ambo kimeandika 90." Hofu yake ina msingi. Nchi nzima inahesabu kinachoingia ardhini: lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa hata sikukuu ya kupanda. Ni nadra kusikia sikukuu ya kurudi kuhesabu. Anayesema 56 kwa ukweli anasimama foleni moja na anayesema 90 kwa kutembea njiani, na fomu haina nafasi ya kuwatofautisha.

Tuliandika 56. Chini yake, kwa mwandiko mdogo kwa sababu nafasi ilikuwa ya tarakimu mbili, tukaandika "kati ya 49 na 63, miraba 30 kwa kura", tukaambatisha ukurasa mmoja wenye mikanda mitatu. Mwanafunzi alitaka kuongeza ukurasa wa kanuni. Mama wa daftari akamwambia ukurasa wa pili hausomwi. Mfadhili alijibu kwa swali ambalo hakuna aliyelitarajia: kwa nini mkanda wa chini ni mbaya hivyo, na mnataka kuufanya nini?

Hapo rai ziligawanyika. Vijana walitaka kupanda mkoko tena pale pale, mara mbili kwa wingi. Mzee alitaka mlilana, mkanda wote, kesho. Nilikuwa upande wa mzee moyoni, lakini sikuwa na cha kuonyesha. Mkoko ulikuwa umekufa pale, ndiyo. Hilo halithibitishi kwamba mlilana ungepona. Pengine shida ni mashua zinazoburutwa, pengine ni maji taka ya mfereji. Miraba miwili iliyokuwa na sifuri ilikuwa karibu na mfereji.

Tukakubaliana kujaribu kidogo kwanza. Miraba 12 ya mkanda wa chini: 6 mlilana, 6 mkoko, na kofia ndiyo iamue upi uende wapi. Nusu ya miche ya mlilana iliotea nyuma ya jiko la mama wa daftari, kwenye mikebe ya maziwa.

Mzee ndiye aliyetia mkono kofiani. Vikaratasi vitatu vya mlilana viliangukia kando ya mfereji, mahali ambapo yeye, kwa akili yake ya miaka sitini ya bahari, asingepanda hata kwa kulipwa. Akanitazama akingoja nimwambie arudishe. Nikamwambia hivyo hivyo, ami, ndiyo kura. Akacheka, akasema basi tutaona, akampa mama vikaratasi avibandike kwenye daftari, ukurasa unaotazamana na jedwali la kuzidisha.